Msomaji wa Pili

Nilirudi kijijini kwetu Ntobeye kwa sababu ya baba. Mama alikuwa ameshafariki, kaka yangu anaishi Nyabusozi kule Biharamulo na mke wake na ng'ombe wake, na mimi mkataba wangu wa kufundisha ulikuwa umekwisha bila kuongezwa. Baba alishikwa na kiharusi akiwa migombani. Mkono wa kulia ukalegea, ulimi ukafunga. Miguu ilirudi baada ya miezi, akawa anatembea kwa fimbo, lakini maneno hayakurudi. Daktari alituambia kwamba maneno yote yamo kichwani, ila njia ya kutokea imekatika. Kwa miaka miwili sikumsikia akitamka kitu zaidi ya "eee" fupi ya kukubali na "eee" ndefu ya kukataa.

Nikapata kazi ya kufanyia nyumbani: kusoma vitabu vya shule kwa sauti, kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Watu wa Mwanza walinitumia vitabu na maiki nzuri, mimi nilisoma, nikarekodi kwenye kompyuta na kutuma mafaili. Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya zamani, upande wa nyuma, ambamo mama alihifadhi maharage na kahawa. Mlangoni hapakuwa na ubao. Palikuwa na pazia la kitenge tu, na nje ya pazia hilo ukumbi mwembamba unaofika mpaka chumba cha baba.

Baada ya wiki mbili dada wa kule Mwanza anayesafisha rekodi alinipigia simu. Sijaonana naye mpaka leo, ila sauti yake naijua kama ya ndugu.

"Dada, pole na kazi. Unasoma vizuri sana. Lakini nyuma yako kuna mtu anapumua."

"Hakuna mtu huku," nikamwambia. "Niko peke yangu."

"Basi kuna kitu kinapumua."

Nilicheka, maana nilijua ni nini. Ilikuwa kompyuta. Niliinunua ikiwa imetumika, ilitoka kwenye ofisi fulani iliyokuwa ikifungwa, na ilinguruma kama mashine ya kusaga iliyoko ng'ambo ya bonde. Ukiisikiliza siku nzima unaizoea, unasahau kwamba ipo. Maiki haizoei. Nilipovaa hedifoni na kupandisha sauti, niliisikia kweli: ikivuta hewa, ikitulia kidogo, ikivuta tena.

Nilijaribu njia za mkato kwanza. Niliifunika kwa blanketi, ikapata joto na kuzima yenyewe katikati ya ukurasa. Niliitoa nje dirishani na kuiunganisha kwa waya mrefu, kuku wakapanda juu yake na mvua ya ghafla ikanikimbiza. Mwishowe nikaibeba kwenye pikipiki mpaka mjini Ngara, kwa fundi mmoja mwembamba ambaye meza yake imejaa matumbo ya kompyuta za watu.

Aliisikiliza hata kabla ya kuifungua. "Hii inapiga kelele kwa sababu ina feni ndogo nne," akasema. "Kitu kidogo kikipewa kazi kubwa lazima kilie. Weka feni kubwa, izunguke pore pore, hewa itapita ile ile."

Ndiyo ilikuwa shule yangu ya kwanza. Mengine nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikisoma maandishi ya watu wa mbali wanaotafuta ukimya kama wengine wanavyotafuta dhahabu. Nilijifunza kwamba joto halifi, linahamishwa tu. Linatoka kwenye prosesa, ule ubongo wa mashine, linapanda kwenye bati za kupoza, na lazima lipewe mlango wa kutokea. Mlango ukiwa mpana, halihitaji kusukumwa kwa nguvu.

Ilinichukua karibu miezi mitatu kukusanya vitu. Boksi lilikuwa la mashine iliyokufa, pana, la chuma kizito kisichotetemeka hovyo. Kipoza nilikipata kwa fundi yule yule, mnara wa bati nyembamba wenye urefu wa kiganja na nusu, umetolewa kwenye kompyuta ya mchezaji wa gemu aliyehama. Feni mbili kubwa na pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, yenye feni yake kubwa, zilikuja na basi kutoka Mwanza, zimefungwa ndani ya gunia. Diski ya zamani ya kuhifadhia mafaili, iliyokuwa ikikwaruza kama panya darini, niliitupa na kuweka diski ya SSD, isiyokuwa na kitu kinachozunguka. Kadi ya picha niliing'oa, kwa kuwa mimi nasoma tu, sichezi.

Nilifanya kazi hiyo kwenye meza ya chakula, mchana, baba akiwa amekaa upande wa pili. Alikuwa akinitazama mikono. Nilisafisha prosesa kwa pamba na spiriti, nikatia tone la ile dawa nyeupe inayofanana na dawa ya meno, nikabana kipoza juu yake, skrubu moja huku, nyingine kule, ili kisilale upande. Feni sikuzifunga kwa chuma. Nilikata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba kama vya manati, nikazining'iniza feni kwa mpira ili mtetemo wake usiguse boksi. Chini ya boksi niliweka vipande vya godoro kuukuu. Kwenye matundu ya hewa nilishona chandarua, maana vumbi letu jekundu la kiangazi haliombi ruhusa.

"Baba, unaonaje?" nilimuuliza.

"Eee," akajibu, ile fupi.

Nilibonyeza kitufe. Hakikutokea kitu. Nilibonyeza tena, nikakagua waya, nikaanza kuhesabu kichwani makosa niliyoyafanya. Kisha nikaona taa ndogo ya bluu na feni zinazunguka. Ilikuwa inawaka muda wote. Nilisogeza sikio mpaka karibu na bati. Hata pumzi haikusikika. Niliingia kwenye mipangilio yake ya ndani nikaziamuru feni zisikimbie mpaka joto lizidi sana, na halikuzidi. Niliweka uzi wa pamba nyuma ya boksi, ukapepea taratibu.

Nilifurahi siku ile, lakini nakumbuka pia kwamba baba hakuipenda ile hali. Alinyanyua fimbo akaigusa mashine kwa ncha, kama mtu anayemgusa nyoka kujua kama amekufa. Kisha akaondoka.

Mchana kijijini kwetu, saa nane au tisa, watu wakiwa mashambani, ni wakati wa kimya kuliko usiku. Usiku kuna vyura na mbwa. Mchana hamna. Nilipoanza kurekodi na kompyuta mpya nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kujua vipo: bati la paa likilia kwa jua, mate yangu yakishuka kooni, damu ikipita sikioni. Nilikuwa nasoma kitabu cha baiolojia cha kidato cha pili, sura ya moyo. Nilisoma kurasa kumi na mbili bila kukosea, nikatuma.

Dada wa Mwanza alipiga kesho yake asubuhi.

"Hongera. Safari hii mashine haisikiki kabisa. Lakini yule wa pili ni nani?"

"Wa pili yupi?"

"Anayesoma na wewe."

Nilimwambia atakuwa amechanganya mafaili. Alinijibu kwa upole kwamba hajachanganya, nipandishe sauti mahali ninaponyamaza kati ya sentensi na sentensi. Nilivaa hedifoni. Nilisikia sauti yangu: *Damu hutoka kwenye moyo kupitia mishipa.* Halafu kimya. Halafu, ndani ya kile kimya, mnong'ono usio na sauti yoyote, hewa tupu iliyopewa umbo la maneno: *…moyo kupitia mishipa.*

Nilivua hedifoni nikaziweka mezani. Chumba kilikuwa kile kile, jua lilikuwa dirishani, gunia la maharage lilikuwa kwenye kona. Nilizivaa tena. Alikuwa yupo kila mahali. Kila nilipofunga sentensi alichukua mkia wake na kuurudia, taratibu, kama mtu anayepita nyuma yako akiokota ulichoangusha. Nikafungua rekodi za zamani, zile za kompyuta ya ofisi. Humo sikusikia kitu ila ule mngurumo. Kama alikuwepo, alikuwa amefunikwa.

Siku mbili sikurekodi. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikwenda kwa jirani, bibi mmoja tuliyekua tukimwamkia kila asubuhi, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanitazama usoni akauliza kama naumwa. Nikasema ni uchovu. Ningemwambia nini? Kwamba nimeinyamazisha kompyuta na sasa nyumba inasema?

Siku ya tatu nikaamua. Nilikaa mahali pangu, nikavaa hedifoni, nikafungua maiki nikaanza kusoma kama kawaida, lakini macho yangu hayakuwa kwenye kitabu. Yalikuwa kwenye kioo kidogo nilichokiegemeza kwenye skrini, kinachoonyesha pazia nyuma yangu. Nilisoma sentensi moja. Mnong'ono ukaja masikioni. Nilisoma ya pili. Chini ya pazia, pale lisipofika sakafuni, niliona ncha ya fimbo, na kandambili mbili za bluu.

Alikuwa baba.

Niligeuka nikafungua pazia. Alikuwa amesimama wima kwenye ule ukumbi mwembamba, uso umeelekea ukutani, midomo ikicheza. Aliponiona midomo ikasimama.

"Baba! Unaongea!"

"Eee," akasema.

"Sema tena. Sema: damu."

Uso ulimkaza, mshipa ukamtoka shingoni, jasho likaanza. Hakuna kilichotoka. Nilimwomba tena na tena, mpaka nikaona machozi, nikaacha. Nikajifunza kwamba ukimtazama, njia inafungwa. Usipomtazama, na ukimpa maneno yako kwanza, anaweza kuyabeba. Nadhani alikuwa akija kusimama pale tangu siku ya kwanza, na kompyuta ya zamani ilimfichia. Sasa hakuwa na mahali pa kujificha, lakini hakuacha kuja.

Basi tukaendelea hivyo. Niliwaomba Mwanza muda, nikasema nina tatizo la chumba. Kila mchana nilisoma kwa ajili yake tu, mgongo wangu kwake, hedifoni masikioni, naye nyuma ya pazia akirudia. Nilikuwa na furaha ya ajabu iliyochanganyika na hofu, kwa sababu ule mnong'ono haukuwa na baba ndani yake. Haukupanda wala kushuka. Mtu yeyote angeweza kuwa anautoa.

Siku moja niliacha sentensi njiani. Sikupanga, kikohozi kilinishika. Nilikuwa nimesema, "Damu inapofika kwenye…" nikanyamaza. Nilisikia akiokota: *inapofika kwenye.* Kisha kimya kirefu. Halafu mnong'ono ukaendelea wenyewe, kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, ambayo sikuwa nimemsomea hata neno moja:

*Wamefika. Wanaomba maji.*

Sikugeuka. Sikuthubutu. Kupitia dirisha niliona ua wote mpaka kwenye migomba, na uani hapakuwa na mtu. Kuku walikuwa wamelala kivulini. *Wanaomba maji*, akarudia, na mara hii alikuwa na haraka.

Niliinuka, nikapita pembeni yake bila kumtazama usoni, nikachota maji mtungini, nikamwekea kikombe mkononi. Nilidhani ni kiu yake. Hakunywa. Aliiacha fimbo ukutani, akaenda nacho kwa mkono wa kushoto, maji yakimwagika njia nzima, mpaka mlango wa mbele. Akatoka. Akainama kwa shida akakiweka chini kando ya ukuta wa nje. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa sakafuni. Baba yangu, mzee wa umri ule, alikaa sakafuni na mgongo wake mlangoni, akajiwekea kidole mdomoni kwa ishara kwamba ninyamaze.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Nakiri kwamba nilisikiliza. Nilijiambia sisikii kitu, na kweli sikusikia kitu, lakini sikuinuka mpaka yeye alipoinuka.

Nilimpigia kaka. Alikuja Jumamosi kwa pikipiki kutoka Nyabusozi, ana vumbi mpaka kwenye kope, kaleta maziwa mgando na dagaa. Ni mtu mkubwa wa mwili, anacheka kwa nguvu, hapendi mambo ya giza giza. Nilimvalisha hedifoni nikamwekea rekodi ya mchana ule, maana maiki ilikuwa ikirekodi. Alisikiliza mara moja akazivua. Hakucheka.

"Amekwambia ni akina nani?"

"Hakuniambia. Kaka, unawajua?"

Alikwenda dirishani akasimama akinipa mgongo. "Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama," akasema.

Akanisimulia. Ulikuwa mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka kwa maelfu wakikimbia mauaji kwao, barabara na vichochoro vyote vikajaa. Watu wa kwetu walikuwa wakisaidia siku za kwanza, kisha wakaanza kuogopa. Ilisemwa kwamba wana ugonjwa wa kuhara, ilisemwa kwamba wauaji wamejichanganya nao. Mama alikuwa ametoka kisimani na madumu mawili. Mchana kweupe wakagonga. Baba akafunga mlango akatukalisha wote sakafuni.

"Hawakupiga kelele," kaka akasema. "Waliomba maji tu. Moshi wa jikoni ulikuwa unatoka, walijua tumo. Mama alikutia ziwa mdomoni usilie. Walikaa pale ukutani. Mimi niliwasikia, kulikuwa na mtoto. Baada ya muda mrefu wakaondoka. Baba alipofungua, tulikuta wameacha kikombe cha bati mlangoni, kimesimama. Kitupu."

"Kikaenda wapi?"

"Alikichukua. Sijui alikipeleka wapi. Hatukulizungumza tena jambo hilo."

Nilifikiri juu ya baba, aliyekuwa akisimama mbele kila Jumapili akaimba kuliko wote kanisani. Maisha yote alikuwa na maneno na hakuyatumia kwa hilo, na sasa amenyang'anywa. Padri asingeweza kusikiliza maungamo ya mtu asiyesema. Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa jema.

Jumapili baada ya Misa, mchana, nilikaa kwenye kiti changu. Kompyuta ilikuwa imewaka, ukimya wake umejaa chumba. Kaka alisimama kwenye kona, amejibanza kama mtoto. Tulisubiri. Kandambili zikaja ukumbini, zikasimama. Sikuwa na kitabu. Nilikuwa na sentensi nilizozitunga kwa Kihangaza asubuhi ile, nikazisoma polepole.

"Mlikuja hapa."

*Mlikuja hapa.*

"Mlikuwa na kiu."

*Mlikuwa na kiu.*

"Maji yalikuwepo."

Kimya. Kisha: *Yalikuwepo.*

"Niliogopa."

*Niliogopa.*

"Nisameheni."

Sikusikia kitu. Nilihesabu pumzi zangu. Kaka alinitazama, nikatikisa kichwa asisogee. Nilisema tena, "Nisameheni." Na baba, nyuma ya pazia, si kwa mnong'ono bali kwa sauti yake, ile niliyokuwa nimeisahau, nzito na yenye mkwaruzo, akasema:

"Bado wapo."

Kaka alifunika mdomo kwa kiganja. Mimi nilitazama dirishani kwa sababu nisingeweza kutotazama. Ua mtupu, jua, majani ya migomba hayatikisiki hata moja.

Kaka ndiye aliyefanya la kufanya. Aliinua dumu la maji jikoni, akafungua mlango wa mbele mpaka ukagonga ukuta, akatoka. Nilimsikia akisema kwa sauti ya mtu anayepokea wageni, kwa Kihangaza cha utotoni, kwani siku hizi anaongea zaidi Kisukuma: "Karibuni. Tusameheni, tumechelewa. Maji haya hapa." Kisha nikasikia maji yakimiminwa kando ya ukuta, mengi, dumu zima. Baba alisikiliza mpaka tone la mwisho. Akaguna "eee", ile fupi, akaenda chumbani kwake akalala mpaka jioni.

Tangu siku ile hajaja nyuma ya pazia. Nimesoma kwa sauti mchana mwingi nikimsubiri, na kati ya sentensi na sentensi hakuna kitu kabisa. Dada wa Mwanza anasema hajawahi kupokea rekodi safi kama zangu. Sijui kama nilimfungulia baba mlango au nilimfungia ule mmoja uliokuwa umebaki. Kaka anasema nisijisumbue, anakula vizuri, analala vizuri.

Ni kweli. Anakula vizuri. Kila mchana anatoka na kukaa kwenye benchi kando ya ukuta wa nje. Ni benchi la watu wanne. Anakaa ukingoni kabisa, nusu ya paja nje, na mgeni akija akataka kukaa katikati, baba anamgusa goti kwa fimbo, taratibu, mpaka asogee na kuiacha nafasi.